Nyayo Zilizoishia Mwambani

Kitabu kilikuwa hakina jalada. Mjomba alikuja nacho kutoka shule ya bweni, kikiwa kimeshapita mikononi mwa watu wengi, na ukurasa wa kwanza uliosalia ulikuwa na doa la mafuta ya taa lenye umbo la jani. Ilikuwa mwaka 1988, likizo ya mwezi wa sita, kijijini kwetu upande wa Ikungi. Anayeijua Singida anajua mwezi wa sita ulivyo: upepo unavuma tangu jioni hadi alfajiri, na baridi inapenya hata kwenye udongo wa tembe. Nililala chumba kimoja na bibi, yeye juu ya kitanda cha kamba, mimi chini kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na kibatari. Sharti lake lilikuwa moja tu: utambi ukianza kutoa moshi mweusi, nizime nilale.

Jina la kitabu nililisoma juu ya kurasa: Mzimu wa Watu wa Kale. Sikujua kuwa mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alishinda nacho shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, wala kwamba kilipochapishwa mwaka 1960 kilifungua njia ya riwaya ya upelelezi katika lugha yetu. Nilijua tu kwamba tajiri mmoja, Bwana Ali, amekutwa amekufa mahali pa mzimu, pale ambapo watu huenda kuomba shida zao, na kwamba nilikuwa naogopa kugeuza ukurasa na kuogopa zaidi kuacha kuugeuza.

Kwa mtoto wa Singida, kifo cha mahali kama pale hakikuwa na fumbo. Mzimu umekasirika, basi. Nilikuwa nimeshahukumu kabla ya mpelelezi kufika. Halafu akaja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum na Spekta Seif, akaanza kuuliza maswali madogo madogo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angemuuliza mzimu. Nani alikuwa wapi? Nani anapata nini huyu akifa? Nikaendelea kusoma, na mahali fulani katikati ya ukurasa nikahisi kitu kinahama kifuani, kama gogo linalozuia mlango linapoondolewa taratibu.

"Bibi," nikasema, "si mzimu. Ni mtu."

Nilidhani amelala. Kitanda kikalia.

"Nani kakwambia?"

"Bwana Msa."

"Wa wapi huyo?"

"Wa Unguja, Bibi."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani usingizi umemrudia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Hata sisi tulisema ni simba."

Usiku ule sikuzima kibatari, wala yeye hakunikumbusha.

Alinisimulia mambo ya mwisho wa miaka ya 1940, alipokuwa msichana wa kama miaka 12. Watu walikuwa wanauawa. Wengine walikutwa kwenye mashamba ya uwele, wengine kwenye vijia vya kurudi nyumbani, na majeraha yao yalikuwa ya makucha. Watoto walikatazwa kwenda kuchota maji peke yao. Jua likielekea kuzama, mifugo inaingizwa, gogo linawekwa mlangoni, na mtu akibanwa haja usiku anajisaidia humo humo ndani. Wanaume walitoka na mikuki na mishale kufuata nyayo. Bibi aliwaona wakirudi siku moja, akamsikia baba yake akimweleza mama yake: nyayo zimekwenda vizuri kwenye vumbi, zimevuka korongo, halafu zimeishia mwambani.

Mgeni aliyefika Singida mara moja tu atakuelewa ukimtajia miamba. Imetapakaa kila mahali, mawe makubwa kama nyumba, mengine yamebebana utafikiri yalipangwa kwa mkono. Jiwe halishiki unyayo. Wazee walisimama pale juu, bibi alisema, na hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kusema neno.

Yaliyofuata yamo katika kumbukumbu za historia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza, iliyoanza kwa kuvihesabu vifo vile kuwa kazi ya wanyama, ilikuja kushika ushahidi kwamba humo mlikuwa na mikono ya binadamu: watu waliovaa ngozi za simba na kuua kwa namna ya kuacha alama za makucha. Walikamatwa watu, kesi zikaendeshwa, wengine wakanyongwa. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu simba-watu wa Singida mwaka 1950, na mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wanyaturu wa Singida na kuandika juu ya uchumi na mila zao, alilirudia suala hilo katika jarida lile lile ili kulipima upya. Fumbo lililokwisha hukumiwa mahakamani, na waliohukumiwa wameshazikwa, bado lilikuwa linamwita mtu arudi kulitazama. Na ni haki, kwa sababu simba wa kweli walikuwepo. Katika mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, huko wilayani Manyoni, wapo hadi leo. Simba wa kweli ndiye aliyempa simba wa uongo mahali pa kujificha.

Hapo ndipo nilipoielewa riwaya ya upelelezi, ingawa sikuwa na maneno ya kueleza. Mwandishi hodari hamfichi muuaji gizani. Anamweka nyuma ya kitu ambacho msomaji tayari anakiogopa, kisha anaiacha hofu ya msomaji ifanye kazi iliyobaki. Abdulla aliuchukua mzimu, kwa sababu aliwajua watu wake. Miaka minane baadaye, mwaka 1968, akatumia jina la Giningi, mji wa wachawi wanaosimuliwa na watu wa Unguja na Pemba, katika Kisima cha Giningi. Arthur Conan Doyle alikuwa amefanya hivyo kwa Waingereza mwaka 1902, alipowapa mbwa wa laana anayewinda ukoo mmoja kwenye nyika yenye ukungu. Na huko nyuma kabisa, mwaka 1841, Edgar Allan Poe alilipindua jambo lenyewe katika hadithi inayohesabiwa kuwa mzazi wa fani nzima: polisi wa Paris wanamtafuta mtu katili, kumbe aliyeua ni nyani mkubwa aliyemtoroka mwenyewe. Paris walitafuta mtu wakampata mnyama. Kwetu walitafuta mnyama wakampata mtu. Nimekuwa nikiziweka hadithi hizo mbili pamoja kichwani kwa miaka mingi, na kila mara ile ya kwetu ndiyo inayoniondolea usingizi.

Nilimuuliza bibi swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: mlipojua kuwa ni watu, hofu iliisha? Kwa akili yangu ya darasa la sita niliona mtu ni afadhali kuliko simba. Mtu anakamatwa, mtu anafungwa.

"Simba ndiye afadhali," alisema. "Simba unamfungia mlango. Mtu unamfungulia mwenyewe."

Baadaye nimesoma riwaya nyingi zinazosifiwa kwa mgeuko usiotarajiwa, na kila ninapofika pale ambapo wasomaji wenzangu wanapiga kelele, nasikia sentensi hiyo ya bibi. Kuna migeuko miwili katika hadithi ya mauaji, na mara nyingi tunaisema kama mmoja. Wa kwanza ni kutoka kwa mzimu kwenda kwa mtu. Huo unampa msomaji furaha kali, kama kupanda juu ya mwamba na kuliona Ziwa Singidani lote kwa mara moja. Wa pili ni kutoka kwa mtu kwenda kwa huyu mtu: aliyekaa nasi matangani, aliyebeba jeneza, aliyempa mjane pole. Huo wa pili haufurahishi. Unamfanya msomaji arudi nyuma kurasa hamsini na kujiona alivyomkaribisha muuaji mwenyewe, akampenda, akamwonea huruma. Nimewahi kumwona mama mtu mzima ndani ya basi la kwenda Nzega akifunga riwaya ghafla na kuiweka kifudifudi mapajani, mkono juu yake, akatazama mashamba ya alizeti mpaka tulipofika Igunga. Sikumuuliza alikuwa amefika ukurasa gani.

Sasa, ni mgeuko gani ulio wa haki? Wazungu walijaribu kuweka sheria. Mwaka 1929 padri Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za hadithi ya upelelezi: mhalifu atajwe mapema, mambo ya kimiujiza yasiwe ndiyo jibu, mpelelezi mwenyewe asiwe muuaji, na kadhalika. Miaka mitatu kabla ya hapo Agatha Christie alikuwa ametoa The Murder of Roger Ackroyd, na mwisho wake uligombanisha wasomaji. Wapo waliosema wamechezewa rafu, wapo waliosema ni ustadi usio na mfano. Sitautaja mwisho huo. Kitabu kina umri wa takriban miaka mia moja, lakini pengine yuko msomaji Kiomboi au Itigi ambaye atakutana nacho mwaka huu, na sina haki ya kumnyang'anya usiku wake.

Sisi tulikuwa na sheria yetu kabla ya Knox kuzaliwa. Kitendawili! Tega. Mtegaji anatega, wateguaji wanahangaika, wanakisia, wanakosa. Wakishindwa, mtegaji anadai: nipe mji. Unampa mji, anautembelea kwa maneno, anakula na kunywa huko kwa madaha, ndipo anategua mwenyewe. Na jibu lazima liwe kitu ambacho kila aliyekaa pale anakifahamu: yai, kivuli, njia, uyoga, jembe. Kitendawili chenye jibu la kitu ambacho wasikilizaji hawajawahi kukiona kingezomewa na watoto wote wa ua ule. Uchungu mtamu wa kushindwa unatokana na hilo, kwamba jibu lilikuwa nyumbani kwako. Ndiyo maana mgeuko unaoleta pacha asiyewahi kutajwa, au jambazi anayeibuka ukurasa wa mwisho kutoka nchi ya mbali, unamwacha msomaji na hasira. Ametoa mji wake, akapewa jibu la kigeni.

Waandishi wetu waliomfuata Abdulla walilijua hilo, kila mmoja kwa njia yake. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, akaiweka hofu ndani ya simu, chombo cha kisasa kabisa kwa wakati ule. Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974, alimtuma Willy Gamba Nairobi kufuata nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akamleta Joram Kiango, na vitabu vyake vilitembea kwa treni na mabasi mpaka vikachakaa. Kwa Musiba na Mtobwa mambo ni ya kasi, bastola na ndege na hoteli, na mgeuko wao mara nyingi ni usaliti. Mimi nawaheshimu wote, ila kwa fumbo lenyewe bado narudi kwa Bwana Msa. Yeye hana haraka. Anakaa, anavuta kiko, anasubiri mtu aseme neno moja zaidi ya alilopaswa kulijua.

Siku hizi hadithi hizo zinasomwa kwenye simu. Pale stendi ya Misuna, mjini Singida, nilisimama jioni moja karibu na kijiwe cha bodaboda ambapo kijana mmoja alikuwa anawasomea wenzake hadithi ya mauaji iliyotumwa kwa vipande, sehemu ya kumi na ngapi sijui. Vijana kama saba walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, kofia ngumu mapajani. Msomaji alipofika kwenye jina la muuaji hakulitamka. Aliinua macho, akawatazama mmoja mmoja. Mmoja akasema ni mke wa marehemu. Mwingine akakataa katakata: mke hawezi, usiku ule alikuwa Dodoma, tulisoma juzi. Wa tatu akauliza tiketi ya Dodoma aliiona nani. Abiria mmoja alikuja na begi, akaambiwa asubiri kidogo, naye akauliza kisa ni nini, akaweka begi chini. Lile swali la tiketi ndilo lililonigusa. Kijana yule alikuwa anafanya kazi ambayo mahakimu na wapelelezi wa polisi wanalipwa kuifanya, akiifanya vizuri, na hakuna aliyemfundisha zaidi ya hadithi.

Naliona hilo kuwa jambo zito, na sababu ni yale ninayoyajua kuhusu nchi yetu. Katika mikoa ya kwetu ya kati na kanda ya ziwa, watu wameuawa kwa sababu mtu fulani alifanya mgeuko wa pili bila ushahidi. Mtoto anaugua homa, anakufa. Watu wanauliza nani, na jibu linapatikana kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Ipo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na bado vikongwe wamekatwa mapanga ndani ya nyumba zao. Hapo nyuma ya kifo hapakuwa na mtu, watu wakamzua. Wenzao wa miaka ya 1940 walikuwa na mtu wa kweli mbele yao wakaona simba. Makosa hayo mawili yamezaliwa tumbo moja: jibu limetangulia, swali halijaulizwa. Bwana Msa angekataa yote mawili kwa utulivu ule ule. Angeuliza mtoto alianza kuumwa lini, alikunywa maji ya wapi.

Nilipomuuliza bibi kama waliokamatwa walikuwa kweli ndio, hakunijibu moja kwa moja. Alisema watu walikamatwa, na mauaji yakaja yakakoma. Alisema pia kwamba katika kijiji cha jirani ulikuwepo mji mmoja ambao watu waliacha kwenda kuomba moto kwa kuushuku, na kwamba hakujua walizipata wapi tuhuma hizo. Sauti yake ilipofika hapo ilishuka. Nadhani hilo lilimsumbua kuliko makucha.

Niliporudi kwenye kitabu usiku ule, nikakuta kurasa za mwisho hazipo. Zilikuwa zimechanwa kwa uangalifu, karibu na mshono, kama anavyochana mtu anayetaka karatasi ya kusokotea tumbaku. Najum na Spekta Seif walikuwa wamekusanyika, Bwana Msa alikuwa karibu kusema, na hapo karatasi zikaisha. Nililia, nasema kweli. Bibi akaniuliza nani aliyeua, nikamwambia sijui, zimechanwa. Akasema na tulale, kesho kuna kuvuna uwele.

Miaka tisa nilikaa na fumbo lile. Nilijitengenezea muuaji wangu, nikamkusanyia sababu na ushahidi, nikamhukumu, nikawa na hakika naye kama niliyemwona kwa macho. Mwaka 1997 nilikipata kitabu kizima Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya zamani aliyepanga mali yake juu ya gunia kando ya barabara. Nililipa bila kuomba kupunguziwa. Nikasoma kurasa zile za mwisho nikiwa nimesimama, watu wananipita huku na huku, na nilipomaliza nikagundua kwamba mtu wangu wa miaka tisa hakuwa na hatia yoyote. Niliona aibu mbele yake, ingawa ni mtu wa karatasi. Nikarudi kurasa za katikati, na kweli, kila kitu kilikuwa kimesemwa. Nilikuwa nimekisoma kwa mwanga wa kibatari na sikukiona.

Nilikwenda nacho nyumbani likizo iliyofuata. Bibi alikuwa amezeeka, macho yameanza ukungu, lakini kumbukumbu ilikuwa nzima. Nikamsomea kwa siku nne, jioni, nje ya tembe, tukiwa tumeegemea ukuta uliobaki na joto la jua. Alimpenda Najum, kwa sababu Najum anauliza. Bwana Ali hakumpenda. Tulipofika pale karatasi zilipokuwa zimeishia, nikamwambia, Bibi, ni hapa.

Akanyoosha mkono akauweka juu ya kitabu.

"Subiri," akasema. Alifikiri, midomo yake ikicheza, akihesabu watu kwa vidole. Akakunja kidole kimoja, akakikunjua. Jirani alipita na mbuzi wake akatusalimu, bibi akaitikia bila kumtazama. Giza lilikuwa linaingia na sikuona tena maandishi vizuri, nikaingia ndani nikaleta taa.

"Nimeshindwa," alisema mwishowe. "Haya. Nakupa Manyoni."

Nikaenda Manyoni. Nikala kuku mzima, nikanywa na mchuzi, nikapanda treni mpaka Itigi na kurudi, bibi anacheka na kunihimiza nisimalize mji wake. Kisha nikasogeza taa, nikageuza ukurasa.